Milango Sita ya Pyo Man-sop

Pyo Man-sop hakuwa mnyenyekevu, na sijaona sababu ya yeye kuwa. Ukimwonyesha pembe ya paa alikuambia nyumba ni ya mkoa gani. Ukimwonyesha jiko alikuambia kama mama mwenye nyumba anatumia mkono wa kulia au wa kushoto, na ukienda kuuliza unakuta hakukosea. Katika miaka thelathini na moja alijenga nyumba za filamu zaidi ya mia: majumba ya wafalme, vibanda vya wakimbizi, vilabu vya pombe, mahakama, hata meli nzima ndani ya ghala lililokuwa la kufugia minyoo ya hariri. Zote zilibomolewa filamu zilipokwisha, maana mbao zilikuwa zinasubiriwa kwingine. Hilo halikumuumiza hata kidogo. Alisema mpishi naye haombolezi sahani ikishaliwa.

Lakini hakuna aliyezaliwa na majivuno yaliyoiva kiasi hicho. Ya Man-sop yaliiva siku moja, asubuhi, kwa muda wa saa tatu hivi, na kisa chake kilikuwa milango sita.

Alikuwa mtu wa Haeju, upande wa kaskazini wa Korea. Vita vilipomsukuma kusini alifika Daegu akiwa na nguo alizovaa na brashi mbili, akapata kibarua cha kuchora mabango ya sinema. Nyuso alizichora vibaya mno. Mashujaa wake wote walikuwa na pua kama viazi, na mwenye sinema alikuwa karibu kumfukuza. Siku moja akapita seremala mmoja wa makamo, amebeba msumeno begani, akasimama chini ya ngazi na kulitazama bango kwa muda mrefu.

"Hawa watu wako wanatisha," akasema. "Lakini hiyo nyumba nyuma yao ningehamia leo. Shuka."

Huyo ndiye Ok Chil-bong, seremala mkuu wa filamu. Man-sop akashuka, na kwa miaka kumi hakubanduka kwake. Mzee Ok alimfundisha kuchonga nguzo, kuzeesha mbao mpya kwa moshi na maji ya masizi, kupaka udongo ukutani uonekane umenyeshewa mvua arobaini. Alimfundisha pia kunyamaza mwongozaji anapopiga kelele, ingawa somo hilo halikumwingia sawasawa. Vita vilipokwisha walihamia Seoul pamoja. Mzee Ok alipougua mapafu, Man-sop alimbeba mgongoni hadi hospitali. Man-sop alipooa, Mzee Ok ndiye aliyeketi mahali pa baba wa bwana harusi, kwa kuwa baba mwenyewe alibaki ng'ambo ya mpaka.

Mzee Ok alijua kila kitu isipokuwa kuchora ramani. Kwa sababu hiyo hakuwahi kuwa mkuu wa mandhari, yule ambaye jina lake huandikwa mwanzoni mwa filamu, kwa herufi nyeupe, kabla hadithi haijaanza. Mwanafunzi wake alijua kuchora. Vuli ile, akiwa na miaka thelathini na mitatu, Man-sop alipewa filamu yake ya kwanza kama mkuu, na Mzee Ok, mwenye miaka sitini na minne, akawa seremala chini yake. Mzee aliipokea habari hiyo kwa kummiminia Man-sop bakuli la pombe ya mchele, akaendelea kumwita "wewe" kama kawaida, si "Mwalimu" kama mafundi wanavyomwita mkuu wao. Mke wa Man-sop, Geum-rye, alikwishawaambia wauza samaki wote sokoni kwamba jina la mume wake litatokea kubwa kama mlango. Alikuwa ametia chumvi, lakini si sana.

Filamu ilikuwa ya mjane wa ukoo mkubwa, zama za wafalme. Tukio lenyewe kubwa lilikuwa hivi: mwana amerudi baada ya miaka mingi, amepiga magoti uani, na mama hamfungulii. Watazamaji wasimwone mama, waone kivuli chake tu kwenye karatasi iliyobandikwa kwenye fito za mlango, kinainuka, kinakaribia, kinasita, kinakaa tena. Mwigizaji wa mama alikuwa Bi Bang Yeon-su, ambaye mwaka huo alikuwa anacheza filamu sita kwa mpigo na alilala kwenye gari kati ya moja na nyingine. Walipewa Bi Bang kwa siku moja tu, Jumanne, kuanzia saa nne asubuhi hadi saa kumi jioni. Baada ya hapo alikuwa wa watu wengine mpaka majira ya baridi.

Jumatatu Man-sop alishinda Yongin akitafuta mitungi mizee ya kuwekea mchuzi wa soya, kwa sababu mitungi mipya ilimuudhi. Mzee Ok alibaki kumalizia milango. Jumanne, saa moja kasoro, Man-sop aliingia ghalani walimojenga nyumba ya mjane, akawasha taa za juu, akaitazama nyumba yake.

Nyumba ilikuwa nzuri. Jiwe la kuvulia viatu lilikuwa limelika katikati kama linavyotakiwa. Sakafu ya baraza iling'aa kwa mafuta ya ufuta. Kisha akaitazama milango.

Karatasi ilikuwa imebandikwa upande wa nje.

Kwetu Korea karatasi hubandikwa kwa ndani. Mtu akiwa uani huona fito za mlango kwanza, na karatasi nyuma yake. Wanaobandika nje ni Wajapani. Nao walikuwa wameondoka miaka kumi na sita tu iliyopita, baada ya kututawala mpaka tukakaribia kusahau majina yetu wenyewe. Kila vuli, kabla ya baridi, kila nyumba nchini ilikuwa inang'oa milango, inaiosha, inabandika karatasi mpya. Hakukuwa na bibi kizee hata mmoja ambaye asingeliona kosa lile kutoka kiti cha mwisho cha sinema. Mjane wa ukoo mkubwa wa Korea, zama za wafalme, amejifungia nyuma ya mlango wa Kijapani. Watu wangecheka mahali pa kulia. Na hao wangekuwa wapole, maana wengine wangetupa viti.

Man-sop hakuhitaji kuuliza imekuwaje. Mzee Ok alijifunza useremala akiwa na miaka kumi na mitatu, Gunsan, kwa mkandarasi wa Kijapani aliyempiga kwa rula kila alipobandika kwa ndani. Tangu uhuru alikuwa amebandika mamia ya milango kwa namna yetu bila kukosea. Lakini jana alikuwa peke yake, amechoka, na mkono ulirudi ulikofundishwa kwanza. Ndivyo uzee unavyofanya kazi, haubishi hodi.

Wenzake walianza kuingia, mafundi kumi na saba kwa jumla, wakipuliza vidole kwa baridi. Mzee Ok aliingia miongoni mwao, akavua koti, akaketi kunoa patasi. Hakuitazama milango. Kwake ilikuwa imekwisha. Akaingia pia Bwana Ma, msimamizi wa ratiba, mwanamume mfupi aliyetembea kana kwamba sakafu inamdai maelezo. Akaizunguka nyumba, akagonga nguzo, akatikisa kichwa.

"Safi," akasema. "Leo sijaona la kumgombeza mtu. Nahisi kuumwa."

Mafundi wakacheka. Hakuna aliyeona kitu. Man-sop alisimama pale akijua kwamba yeye peke yake ndiye anayejua, na kwamba akinyamaza, saa nne itafika, kamera itazunguka, na jina lake litaandikwa juu ya milango ile milele. Akisema, basi mbele ya watu kumi na saba atakuwa amemwambia aliyemlea kwamba amejenga mlango wa Kijapani katika nyumba ya mababu zetu. Siku zile neno kama hilo halikuwa la mzaha. Lingemfuata Mzee Ok kwenye kila mkahawa wa Chungmuro, ambako watu wa filamu walikuwa wanapeana kazi na kuchambuana, na seremala wa miaka sitini na minne haanzi upya. Asingebishana. Angekunja vifaa vyake kwenye kitambaa, ainame, aondoke.

Aliona uchungu, na aliona hasira pia, nisimpake mafuta. Miaka kumi kusubiri siku moja, halafu hivi.

Akaenda nyuma ya ukuta wa mbao, akafungua mchoro wake. Mchoro ulikuwa sahihi: mstari wa karatasi ulikuwa ndani, wazi kabisa, na maandishi pembeni. Akatoa kifutio. Akasugua mpaka karatasi ikaota manyoya, akachora mstari upande wa nje, akafuta na maandishi. Kisha akarudi mbele ya watu na kupiga makofi.

"Jamani, nisikilizeni. Nimefanya upumbavu. Nimechora milango vibaya, karatasi nimeiweka nje. Mzee Ok amefuata mchoro kama ulivyo. Inang'olewa yote sita, sasa hivi."

Bwana Ma alimwendea polepole, akamnyang'anya mchoro, akautazama, akautazama mlango, na damu ikampanda usoni.

"Bwana Pyo. Wewe ni Mkorea?"

"Ndiyo."

"Mama yako alikuwa anabandika wapi karatasi? Juu ya paa?"

"Ndani."

"Ndani. Mtoto wa miaka mitano anajua. Mbwa wa nyumbani kwangu anajua." Akageuka kuitazama saa ya ukutani. "Igeuzeni tu basi. Kilicho nje kiwe ndani, tuendelee."

"Haigeuki. Upande wa ndani haujapigwa randa, na bawaba zitakuwa kinyume. Kamera iko hatua tatu tu kutoka hapo."

"Bi Bang anafika saa nne."

"Saa nne itakuwa tayari."

"Karatasi mbichi itakauka kwa kutishwa nawe?"

"Itakauka. Nipe majiko manane ya makaa na uache mlango mkubwa wazi, moshi utoke."

Jinsi alivyosema lile, hata mimi ningempa. Hakuwa na hakika hata chembe, lakini sauti haikujua hilo. Bwana Ma akamsogelea mpaka ncha za viatu vyao zikagusana.

"Majiko utapata. Lakini sikiliza vizuri. Jina lako silioni kwenye filamu hii. Milango iwahi isiwahi, silioni. Mkuu wa mandhari hatakuwepo. Wataandika seremala, wataandika mpishi, wewe hapana."

Man-sop akainamisha kichwa. "Sawa."

Kwenye benchi, Mzee Ok alikuwa ameacha kunoa. Akanyanyuka, akaja, akauchukua mchoro uliokuwa umetupwa chini. Alikuwa ameusoma Jumapili, akausoma tena Jumatatu asubuhi. Akapitisha kidole pale karatasi ilipoota manyoya. Kisha akaukunja, akautia mfukoni mwake, akaenda kwenye mlango wa kwanza na kuunyanyua kutoka kwenye bawaba zake.

"Mnatazama nini?" akawaambia wengine. "Maji."

Basi kazi ikaanza. Waliilaza milango chini, wakailowanisha, wakaparua karatasi kwa visu butu mpaka fito zikabaki safi. Mmoja alikoroga gundi ya unga wa ngano kwenye sufuria ya chai. Man-sop alikata karatasi, Mzee Ok akaibandika, kwa ndani, mkono mmoja ukipaka na mwingine ukifuata kulainisha, bila kasi na bila kusimama. Hawakusemezana ila neno moja moja: "Shika." "Vuta." "Kwako." Mlango wa sita ulipomalizika ilikuwa saa tatu na dakika kumi, na karatasi yote ilikuwa imelegea kama ngozi ya shingo.

Walipanga majiko. Kisha wakafanya kama wanavyofanya mama zetu: kila mtu anajaza maji mdomoni na kuyapuliza kwenye karatasi, yaenee kama umande, ili ikikauka ijivute na kukaza. Mafundi walipuliza kwa nguvu zao zote. Ilikuwa aibu tupu. Wengine walitema, wengine walikohoa, mmoja alimlowesha Bwana Ma kuanzia kola hadi tai.

"Acheni, acheni," ikasema sauti kutoka mlango mkubwa. "Mnaoga au mnafanya kazi?"

Alikuwa Bi Bang Yeon-su, kaja mapema, uso umeshachorwa makunyanzi, nywele zimetiwa mvi, na gauni la hariri analishikilia juu ya matope. Watu wote wakainama. Yeye akavua viatu kwenye jiwe, akapanda barazani, akanyoosha mkono apewe bakuli.

"Bi mkubwa, rangi ya uso itaharibika," Bwana Ma akasema.

"Kwetu tulikuwa na milango ishirini na minane, na mabinti watatu wa kuipuliza. Nisogezee taa, Bwana Ma. Na ujifute."

Akajaza maji mdomoni, akapuliza. Ukungu mwembamba ukatua kwenye karatasi sawasawa, bila tone hata moja kuchuruzika. Akaimaliza yote sita, akarudisha bakuli, akamwuliza Man-sop: "Nani kabandika?"

"Mzee Ok."

"Inaonekana." Akaenda kutengenezwa midomo.

Karatasi ilianza kuitika saa nne kasoro robo. Wanaoijua watakuambia: kwanza mikunjo hutoweka pembeni, halafu katikati, halafu unagonga kwa ukucha na inalia. Mzee Ok alikuwa anapita akigonga mmoja baada ya mwingine. Saa nne na dakika tano mwongozaji, Bwana Gwak, aliingia na kofia yake na kikombe chake, akaketi nyuma ya kamera, akauliza kama kuna jambo.

"Hakuna," akasema Bwana Ma, shati limelowa.

Walipiga tukio mara tatu. Kivuli cha mama kiliinuka nyuma ya fito, kikakaribia, na fito zile nyeusi zikakikata vipandevipande, mpaka ukahisi huyu mama hajafungwa na mtu mwingine ila nyumba yenyewe. Mara ya tatu fundi aliyekuwa ameshika taa alikuwa analia waziwazi. Bwana Gwak akasema inatosha.

Man-sop alirudi nyumbani akamwambia Geum-rye kwamba jina halitakuwepo. Alimweleza sababu, ile ya uongo. Geum-rye alimtazama, akapakua wali, akasema, "Wewe? Uchore hivyo?" Kwa wiki nzima alinunua samaki soko la mbali. Chungmuro nako walimchokoza. Akiingia mkahawani kulikuwa na mtu wa kumwuliza kama koti lake amelivaa ndani nje. Alijibu kwamba koti lake ni la bei, linavalika pande zote. Kazi zilipungua, kisha zikakoma. Mzee Ok aliendelea kuja kula kwao Jumapili kama kawaida. Habari ya milango haikutajwa kabisa.

Filamu ilianza kuonyeshwa mwaka mpya wa kalenda ya mwezi ulipoingia, kwenye baridi ya kupasua mitungi. Man-sop alikuwa ameazimia kutokwenda. Lakini Mzee Ok, ambaye katika miaka kumi hakuwahi kumwomba kitu, alimjia mlangoni amevaa kofia yake ya sikukuu, na tiketi mbili mkononi.

"Twende," akasema.

Walikaa safu ya nane. Ukumbi ulijaa hadi ngazi, akina bibi wengi, harufu ya ngisi mkavu na nguo za sufu. Taa zikazimwa, muziki ukaanza, majina yakaanza kupita. Man-sop aliinamia viatu vyake. Mzee Ok akamgonga goti.

"Inua kichwa."

Akainua. Pale, kwa herufi nyeupe, peke yake kwenye kioo chote: Mandhari, Pyo Man-sop. Lilikaa kwa muda ambao mtu anaweza kuvuta pumzi mara mbili, halafu likapita. Man-sop akamgeukia mzee. Yeye macho yalikuwa mbele.

"Nilimwambia Ma," akanong'ona. "Siku ileile, mlipokuwa mnakula. Nikampa na mchoro wako."

"Akasema nini?"

"Akasema anajua. Akasema mtu anayekwenda Yongin kutafuta mitungi hawezi kukosea mlango. Nikamwambia alirudishe jina, mimi niondoke. Akasema aondoke nani, nani atambandikia majumba mawili ya kifalme mwezi wa pili. Akaniambia nitoke ofisini mwake."

"Kwa nini hukuniambia, Mzee? Nimekaa miezi mitatu—"

"Kwa sababu nilikukasirikia."

Safu ya mbele bibi mmoja aligeuka kuwanyamazisha. Filamu ikaenda, mwana akarudi, akapiga magoti uani, kivuli kikainuka nyuma ya mlango. Ukumbi mzima ukaanza kulia, kwanza akina bibi, kisha wote. Hakuna aliyetazama mlango. Mzee Ok alisubiri mpaka kelele za kilio zikatosha kumfunika.

"Nilikosea," akasema. "Mkono wangu ulikosea, nawe ukaona, ukaogopa kuniambia. Usiniogope tena hivyo. Nikikosea, niambie. Mbele ya watu."

"Siwezi, Mzee."

"Utaweza. Jina lililo pale ni lako."

Nadhani ni sawa tukimwacha Man-sop alie na wenzake. Walitoka wakala supu moto ya wali, wakaagana.

Jumatatu iliyofuata waliingia ghala kubwa kuanza la kwanza kati ya majumba yale mawili ya kifalme, Bwana Ma akiwa amempa Man-sop ukuu tena. Saa mbili asubuhi, mbele ya mafundi ishirini na mmoja na Bwana Ma, Man-sop alisimama juu ya kizingiti ambacho Mzee Ok alikuwa ametoka kukiweka, akakipima kwa jicho, akamwambia kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Mzee, hiki kimepinda. Kitoe."

Mzee Ok akainama, akakitazama kizingiti upande huu na upande ule, akachukua randa.

"Kimepinda kweli," akasema. "Shika huko mwisho, Mwalimu."